Uliza Fundi: Ruzuku ya Betri ya Perth Haivuki Bahari

Karibu nusu ya barua zilizofika mezani kwangu mwezi huu zinauliza habari za betri za nyumbani. Sishangai. Minada ya korosho imeanza, fedha zinaingia kwenye akaunti za wakulima, na wauzaji wa sola wamepanda pikipiki. Nimechagua barua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu ina fedha za mtu ambazo bado ziko mfukoni mwake, na ningependa zibaki humo.

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mikindani. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anaishi Perth, Australia. Amenipigia simu kwa furaha kwamba amefunga betri nyumbani na serikali ya huko imebeba karibu theluthi ya bei. Wiki mbili baadaye akapita mtaani kwetu muuzaji wa sola. Nilipomsimulia, akasema ruzuku kama hiyo imeshafika Tanzania ila nafasi ni chache, nitoe laki tatu "ya kufungulia faili" na kiasi kikubwa kilichobaki kitamaliziwa na serikali. Nimemwambia asubiri nikuandikie. Umeme ukikatika usiku hapa ni joto na mbu, na mke wangu ana presha, giza linamtia hofu. Nitoe hiyo laki tatu? (Mwalimu mstaafu, Mikindani)

JIBU: Shikamoo mwalimu. Usitoe.

Ruzuku ya kweli hupunguza bei pale pale unapolipa. Haikuombi utangulize fedha ili uipate. Kumbuka mitungi ya gesi ya kilo sita ambayo Wakala wa Nishati Vijijini, REA, iliipeleka vijijini kwa nusu bei. Mpango ulitangazwa na REA wenyewe. Mtu alikwenda na kitambulisho cha NIDA, akalipa nusu yake, akaondoka na mtungi na jiko lake. Hapakuwa na faili la kufunguliwa. Huyo bwana akirudi, mwulize mambo matatu: mpango unaitwaje, ofisi gani inausimamia, na kwa nini punguzo halionekani kwenye ankara yake. Akianza kukuambia habari za "mtu wetu wa wizarani", mpe maji ya kunywa na umuage kwa heri.

Mpwa wako hakukudanganya. Mpango wa Australia ulianza 1 Julai 2025 na kwa Kiingereza unaitwa Cheaper Home Batteries Program. Punguzo lake ni kama asilimia 30 ya gharama ya betri na ufungaji, na hupungua kidogo kidogo hadi mwaka 2030. Betri lazima iwe na ukubwa wa kati ya uniti 5 na 100 (nasema uniti kwa maana ile ile unayoijua kwenye LUKU), lakini punguzo huhesabiwa kwa uniti 50 za kwanza tu. Lazima ifungwe pamoja na paneli za sola, zilizopo au mpya. Lazima iwe kwenye orodha ya betri zilizoidhinishwa, na fundi anayeifunga awe na ithibati. Kikikosekana kimoja, punguzo hakuna.

Ninachokipenda zaidi ni namna fedha inavyopita. Kila betri inapewa idadi ya vyeti kulingana na ukubwa wake. Mwenye nyumba anamkabidhi fundi au kampuni haki ya vyeti hivyo, kampuni inakwenda kuvigeuza fedha, na yeye anaandikiwa ankara ambayo tayari imepunguzwa. Mpwa wako hakutanguliza chochote "kufungulia" kitu. Mpigie umwulize, atakusomea ankara yake. Na kwa kuwa yuko Perth, yawezekana amepata na nyongeza ya serikali ya jimbo la Australia Magharibi, ambayo kwa wateja wa shirika la umeme la Synergy ni hadi dola 1,300 za kwao. Hiyo nyongeza ina sharti lake: betri iunganishwe na mtandao ambamo shirika la umeme linaweza kuchota umeme kidogo kutoka betri za nyumba nyingi kwa wakati mmoja, kana kwamba nyumba hizo zote ni mtambo mmoja.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, mwalimu, na ndipo naomba unisikilize polepole. Serikali ya Australia hailipi kwa sababu ina huruma na joto la mpwa wako. Huko zaidi ya nyumba milioni nne zina paneli juu ya paa. Saa sita mchana umeme wa jua unafurika hadi bei yake inaanguka, kisha jua likizama watu wanarudi kazini, wanawasha majiko na viyoyozi, na gridi inaelemewa. Betri inabeba umeme wa mchana hadi jioni. Kila betri moja ukutani kwa mtu ni mzigo uliopungua kwenye mitambo na nyaya ambazo vinginevyo serikali ingelazimika kuzijenga. Wananunua nafuu ya gridi yao, na mwenye nyumba anapata bei nzuri ndani yake.

Na hata huko fedha ina mwisho. Bajeti ya kwanza ilikuwa dola bilioni 2.3 za Australia. Watu wakakimbilia, tena wakanunua betri kubwa kuliko mahitaji yao kwa sababu punguzo lilikuwa sawa kwa kila uniti. Desemba 2025 serikali ikatangaza kuongeza bajeti hadi kama dola bilioni 7.2, na kwamba kuanzia 1 Mei 2026 betri kubwa zipate kidogo: uniti 14 za kwanza punguzo kamili, zinazofuata hadi 28 asilimia 60 ya punguzo hilo, na kutoka hapo hadi 50 asilimia 15 tu. Marekani walikuwa na nafuu ya kodi ya asilimia 30 iliyohusu pia betri kuanzia uniti 3. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 ikaifuta kwa vifaa vilivyofungwa baada ya 31 Desemba 2025. Afrika Kusini, walipokuwa gizani kwa mgao, walirudisha kodi asilimia 25 ya bei ya paneli, mwisho randi 15,000, kwa mwaka mmoja tu kuanzia 1 Machi 2023. Betri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha vyombo vya nyumbani) havikuhesabiwa. Wapo waliofunga mfumo mzima wakidhani vyote vimo.

Kwetu fedha ya umma imekwenda mahali pengine, na mimi naona ni sawa ilivyoanza hivyo: kuvuta nyaya vijijini na kumwunganisha mwananchi kwa shilingi 27,000. Upande wa sola, mkono wa serikali umepita zaidi kwenye kodi. Sheria ya VAT ya mwaka 2014 ilisamehe baadhi ya vifaa vya sola, na orodha hiyo imeguswa zaidi ya mara moja na Sheria za Fedha zilizofuata. Kwa hiyo dai risiti ya EFD kila unaponunua. Risiti inakuonyesha kama umetozwa VAT au hukutozwa, na kifaa kikifa ndani ya dhamana, ndiyo shahidi wako.

Sasa tuache serikali, tuhesabu usiku wa nyumbani kwako. Tuzidishe wati kwa saa, tukijua kwamba uniti moja ni wati-saa 1,000. Balbu nne za wati 9 kwa saa tano ni 180. Feni ya wati 60 kwa saa nane ni 480. Televisheni ya wati 60 kwa saa nne ni 240. Simu zote za nyumba tuziwekee 50. Jumla ni 950, haifiki uniti moja. Friji ndogo ukiiongeza kwa usiku mzima inakula kama 500, unafika uniti moja na nusu. Lakini friji iliyofungwa mlango bila kufunguliwa hukaa na baridi kama saa nne bila umeme. Ukiiacha nje ya betri, betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampia 100, yenye uniti 1.28 ndani yake, inawapitisha wewe na mama hadi alfajiri, feni ikizunguka. Hiyo betri kubwa ya uniti tano ambayo muuzaji ana picha yake kwenye simu si ya nyumba yako.

Na akikuambia itajilipa kwenye LUKU, mwalimu, wewe umefundisha hesabu. Mtumiaji mdogo wa chini ya uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 1, ni 122. Tuseme mfumo unaokupa uniti mbili kila usiku, umejazwa na jua bure, umekugharimu milioni moja na nusu. Unaokoa 244 kwa usiku, 7,320 kwa mwezi. Kurudisha fedha yako ni miaka kumi na saba. Kwa mtu wa kundi la T1, yaani la watumiaji wa kawaida, ambaye uniti yake ni 292 na kodi zikiingia inafika kama 356, ni karibu miaka sita, na hapo betri nzuri inaweza kuwa bado hai. Mpwa wako anaokoa fedha. Wewe unanunua usiku wa amani kwa mama, na hicho ni kitu halali kabisa kukinunua, ili mradi ujue ndicho unachokilipia.

Ushauri wangu: anza bila paneli. Umeme wa mjini ukikatika, mara nyingi ni saa kadhaa, hurudi kabla ya siku mbili. Inveta yenye chaja ndani yake itajaza betri umeme wa TANESCO ukiwapo, na ukikatika itachukua yenyewe. Paneli utaongeza korosho za mwakani zikikubali, na zikija, zielekezwe kaskazini kwa mlalo mdogo, kwa maana sisi tuko kusini mwa ikweta. Bolti na fremu ziwe zisizoshika kutu. Mikindani chumvi ya ghuba inakula chuma hadi kwenye bati la tatu kutoka pwani. Nimebadilisha fremu pale iliyokuwa na umri wa miaka miwili tu, ikawa inabomoka mkononi kama mkate mkavu.

Kabla ya kulipa, pima. Mimi nililipa ada yangu ya kujifunza mwaka 2019. Nilinunua betri mbili za jeli kwa muuzaji mmoja, ubavuni zimeandikwa ampia 200. Mteja wangu, mama mwenye duka la dawa, akanipigia usiku wa tatu: taa zimezima saa nne. Nikazitoa, nikaziweka kwenye mzani wa gunia za korosho. Kila moja kilo 31. Betri ya jeli ya ampia 200 ina madini mengi ya risasi ndani, uzito wake ni kilo hamsini na tano, sitini. Nilimrudishia yule mama fedha yake yote kutoka mfukoni kwangu, na tangu siku ile mzani nautanguliza kabla ya mita. Kwa lithiamu uzito hautoshi kukuambia, maana zenyewe ni nyepesi, ya ampia 200 ni kama kilo 20 na kidogo. Hiyo ijaze hadi juu, iwashie balbu za jumla ya wati 100, uhesabu saa. Ya ampia 100 iliyo kweli inakupa zaidi ya saa kumi, hata inveta ikichukua sehemu yake. Muuzaji anayejua alichonacho atakubali mkae naye mchana mzima.

Mwisho kwako mwalimu, kifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na pawepo chenjiova inayotenganisha inveta yako na laini ya TANESCO. Inveta iliyochomekwa kwenye soketi ya ukutani inarudisha umeme hadi kwenye nguzo. Kijana aliyepanda kule juu akijua laini imezimwa, anakufa kwa umeme wa sebuleni kwako. Betri iwe ukutani chumba kisichopigwa na jua au barazani kwenye kivuli, kamwe isiwe darini chini ya bati. Joto la Mtwara darini linaifupishia maisha betri ya aina yoyote.

SWALI: Kaka fundi, nauza samaki Lindi mjini. Nina friza mbili za lita 300. Mwaka jana umeme ulikatika siku nzima nikatupa changu na pweza wa laki nne. Nataka mkopo wa kikundi ninunue betri za friza. Nichukue kiasi gani? (Muuza samaki, Lindi)

JIBU: Pole sana dada. Laki nne za pweza ni asubuhi ngapi za kuamka saa kumi kwenda ufukweni.

Usichukue mkopo bado. Friza ni mzigo mgumu kwa betri kwa sababu mbili. Inakula mchana na usiku, na kompresa ikiwaka inavuta kwa sekunde moja mara kadhaa ya wati zilizoandikwa mgongoni. Friza ya wati 200 inaweza kuiangusha inveta ya wati 1,000. Kwa hiyo unalazimika kununua inveta kubwa, na betri kubwa, kwa friza mbili, kwa ajili ya siku chache za mwaka.

Wewe tayari una betri, ni barafu. Friza iliyojaa na kufungwa hukaa na ubaridi wake kama saa 48. Iliyo nusu tupu ni kama saa 24. Ile siku uliyotupa pweza, nadhani friza zilikuwa nusu nusu na wateja walikuwa wanafungua. Chukua chupa za maji za lita moja na nusu, zijaze maji yenye chumvi, ziache na nafasi juu, zigandishe, uzipange kila pembe iliyo wazi. Maji ya chumvi yanaganda kwa baridi kali zaidi ya maji matupu, kwa hiyo yakianza kuyeyuka yanawashika samaki chini ya sifuri. Samaki wote wahamie friza moja umeme ukikatika. Funika kwa blanketi nzito, ila mgongo na ubavu wenye kompresa uache wazi pale umeme unaporudi. Mauzo ya siku hiyo yatoke kwenye boksi la barafu, friza isifunguliwe.

Jaribu msimu mmoja. Andika kwenye daftari kila umeme unapokatika na unaporudi. Ukiona zimepita saa 24 mara nyingi, niandikie tena na hilo daftari, tutapiga hesabu ya friza moja, nami nitakuambia kama mkopo unabebeka. Kikundi chako kitakuamini zaidi ukienda na daftari kuliko ukienda na picha ya betri.

SWALI: Fundi, niko Newala. Nina betri ya gari ya zamani, nimeiunganisha na sola ya kuchajia simu za watu. Inachaji vizuri mchana lakini usiku haifiki saa tatu, na chumbani kuna harufu kali. Tatizo ni paneli? (Kijana, Newala)

JIBU: Mdogo wangu, itoe chumbani leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Harufu hiyo ni betri inachemka. Inatoa gesi ya haidrojeni, ambayo cheche moja ya swichi inatosha kuilipua, na mvuke wa asidi unaoingia kifuani mwako umelala. Iweke nje penye upepo, mbali na jiko na mbali na watoto.

Paneli haina kosa. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe tena papo hapo. Sahani zake ni nyembamba. Ukiishusha kila usiku hadi chini, inakufa ndani ya miezi. Na nina shaka umeifunga moja kwa moja bila chaji kontrola, kile kifaa kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi, ndiyo maana inachemka jua likiwa kali. Kontrola ndogo ya ampia 10 ndiyo ya kununua kwanza. Ya pili ni betri ya sola, hata ikiwa ndogo ya ampia 50, usiishushe chini ya nusu kama ni ya jeli.

Ile ya zamani usiimwagie asidi yake shambani wala karibu na kisima cha kuvunia mvua, Newala maji mnayajua thamani yake. Mpelekee ikiwa nzima mnunuzi wa betri chakavu. Risasi iliyomo ina bei, na bei hiyo inaweza kukulipia nusu ya kontrola. Niandikie wati za paneli yako zilizobandikwa nyuma na idadi ya simu unazochaji kwa siku, toleo lijalo nikupe ukubwa kamili wa betri.